Mfumo Uliouliza, "Kaimu Mpaka Lini?"

Mimi nitasema, na anayetaka kununa anune. Nimefanya kazi makao makuu ya kampuni ile tangu nikiwa na kiuno, nimeona watu wakipigwa danadana za kila aina, lakini aliyepigwa danadana mpaka mpira ukachakaa ni mmoja tu, na huyo ni mwenzangu Kaimu.

Kaimu si jina alilopewa na wazazi wake. Jina lake analo, zuri tu, ila sidhani kama kuna mtu pale ofisini analikumbuka. Ilikuwa hivi: meneja wa ununuzi wa zamani alipata kazi nje ya nchi, akaaga Ijumaa, Jumatatu kiti kikawa kitupu. Mkurugenzi akamwita mwenzangu, ambaye alikuwa afisa wa kawaida pale idarani, akamwambia, "Mama, shikilia hapo kidogo, tunatafuta mtu." Kidogo! Wakati huo alikuwa na mimba ya kitinda mimba wake. Huyo mtoto leo ananyoa ndevu.

Basi akashikilia. Akaajiri, akafukuza, akanunua, akagombana na wauza malighafi wa kila namna, na kwenye vikao vya mameneja akawa anakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, kama mgeni aliyeingia kuuliza njia. Mlangoni kwake wakabandika kibao: KAIMU MENEJA, UNUNUZI. Mwanzoni watu walimwita Mama Kaimu kwa utani. Utani ukaota mizizi. Wauzaji wakamwita hivyo, walinzi wakamwita hivyo, mpaka mashemeji zake wakipiga simu wanasema, "Kaimu, hujambo?" Na yeye anaitika! Hilo ndilo lililokuwa linanikera kuliko yote.

Wala msidhani Mkurugenzi alisahau. Thubutu! Yule hasahau hata nani alichelewa kikao cha mwaka juzi. Niliwahi kumsikia kwenye ngazi akimwambia mhasibu mkuu kwamba mtu ukimthibitisha anaota mapembe, mwache akae roho juu, atakufanyia kazi ya watu watatu. Alisema hivyo huku anacheka. Nilipita na mafaili yangu nikijitia hamnazo, lakini damu ilinichemka mpaka nikasahau nilikuwa naenda ghorofa ya ngapi.

Na Kaimu mwenyewe si malaika, simpambi kwa sababu ni shoga yangu. Ana mdomo. Ana kisirani cha asubuhi kabla hajanywa chai, na chai ikija na sukari kidogo anairudisha jikoni kana kwamba katukanwa. Anajipenda kupita kiasi. Chini ya meza yake kuna pea tatu za viatu: ndala za kukalia, raba za kwendea viwandani, na vile vyenye kisigino vya kuingilia kwenye vikao. Akivivaa vile, nakwambia, wauza gundi wote wanakaa wima.

Alitaka kuthibitishwa, basi. Hakulificha jambo hilo, alilitaka mchana kweupe na alilisema mbele ya yeyote. Kustaafu kulikuwa kunamkaribia. Mama yake mzazi, bibi aliyekula chumvi nyingi, anaishi naye, na kila jioni mwenzangu akivua viatu mlangoni, sauti inatoka chumbani: "Mwanangu, wamekuthibitisha?" Nimeisikia mwenyewe siku nilizomsindikiza. Kaimu anajibu, "Bado kidogo, mama," halafu anaingia jikoni na kuyapigisha masufuria bila sababu.

Sasa, kampuni yetu ni kampuni mama, na watoto wake ni wanne: kiwanda cha magodoro, kiwanda cha rangi, kiwanda cha katoni, na kampuni ya malori. Wenyewe kwenye makaratasi wanaziita kampuni tanzu. Kila moja ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta, na kila mfumo na lugha yake, na hakuna uliokuwa unasalimiana na mwenzake. Magodoro wanatumia gundi, katoni wanatumia gundi hiyo hiyo. Ukuta mmoja tu unawatenganisha. Katoni walikuwa na mapipa ya gundi yaliyoganda stoo kwa kukaa, na upande wa pili wa ukuta magodoro wananunua gundi kwa haraka, kwa bei ya kukomoana, kwa sababu mfumo wao hauoni ng'ambo. Kila mwezi ni hivyo. Na kila mwezi anayefokewa ni nani? Kaimu.

Benki inayotukopesha ikachoka. Ikasema inataka kuona kampuni mama na watoto wake wote mahali pamoja, la sivyo tusiende tena kuwapigia hodi. Ndipo ikaundwa kamati ya kuchagua mfumo mmoja wa kuendeshea kila kitu: ununuzi, stoo, hesabu, mishahara, mauzo. Mkurugenzi mwenyekiti. Mhasibu mkuu, tunayemwita Bwana Makato kwa jinsi anavyopenda kukata mishahara ya watu. Mtaalamu wa kompyuta, mama mmoja mpole anayeitwa Bi Waya. Mimi, katibu muhtasi, wa kuandika. Na wa kuifanya kazi yenyewe, kutafuta wauzaji, kuwahoji, kuzunguka viwandani, Kaimu.

Mkurugenzi alimwambia siku ile ya kwanza, sote tukisikia, "Mama, ukituvusha hapa, hili la kukuthibitisha tutalimaliza." Nikaliandika neno kwa neno kwenye muhtasari. Aliposoma alichukua kalamu akalikata. "Haya si ya kikao," akasema. Si ya kikao! Yametoka mdomoni mwa mwenyekiti, kikaoni, ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti. 

Kaimu akafunga kibwebwe. Wauzaji wakaja, wakachujwa, wakabaki wawili, wakaitwa kwenye chumba cha mikutano waonyeshe walichonacho. Kile chumba kiyoyozi chake kinavuja, na chini yake tumeweka ndoo ya kiwanda chetu cha rangi. Wa kwanza waliingia wanaume watatu wenye tai zinazofanana, wakatugawia kalamu na mikoba, wakawasha projekta. Loo! Ukutani rangi zilikuwa zinacheza: vipande vya duara, mishale inapanda, namba zinabadilika zenyewe. Mkubwa wao akasema, "Waheshimiwa, mfumo wetu haubishi. Unajipinda mnavyotaka ninyi." Bwana Makato alitabasamu mpaka nikaona jino lake la dhahabu, ambalo kwa kawaida hulioni mpaka siku ya makato.

Wa pili alikuwa mwanamke mmoja, mwembamba, amebeba begi la mgongoni, hana tai wala kalamu za kugawa. Mfumo wake una rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Mkurugenzi alimtazama, akatazama saa.

Kaimu alikuwa amevaa vile vya kisigino. Wote wawili aliwapa mtihani mmoja. "Msinionyeshe ile kampuni yenu ya kuigiza ambayo kila kitu kinakwenda sawa," aliwaambia. "Nina magodoro, nina katoni. Magodoro wanaomba gundi leo. Nionyesheni kinachotokea." Wale wa tai wakabonyeza, oda ikapita, kengele ikalia kwa furaha, ukutani pakatokea nyota. Yule mwanamke akabonyeza, mfumo ukagoma. Ukaandika kwamba katoni wanayo ya kutosha. Ihamishwe, au mwombaji aeleze kwa nini haitaki. Nilimwona Bi Waya akitikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

Halafu yule mwanamke akasema tupange viti. Anaita viti, maana yake nafasi za watu: nani anaomba, nani anaidhinisha, nani analipa. Akauliza, "Meneja wa ununuzi wa kampuni zote ni nani?"

"Ni mimi," Kaimu akajibu. "Nakaimu."

"Sawa, mama. Unakaimu mpaka lini?"

Ndoo ilikuwa inasikika tone baada ya tone. Bwana Makato akacheka kile kicheko cha puani, akasema, "Mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo."

"Mfumo haukubali hivyo," yule mwanamke akasema, wala hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu kama anavyoeleza kila mahali. "Lazima iwekwe tarehe, na haiwezi kuzidi miezi mitatu. Ikifika, mtu yule yule haongezewi. Kiti kinafungwa na ununuzi wote unasimama, mpaka athibitishwe mtu au akaimu mwingine. Wakaguzi wanataka kujua nani anawajibika."

Nilimgeukia Kaimu. Alikuwa ametulia tuli, mikono juu ya meza, na uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtu aliyeona ndugu yake kwenye kundi la wageni. Mkurugenzi alikohoa, akasema tumeshukuru, tutawasiliana.

Mlango ulipofungwa, vita ikaanza. Bwana Makato akasema mfumo wa kwanza ndio unaotuelewa, huu wa pili una kiburi, utatufunga mikono. Kaimu akasema kama mikono hiyo ndiyo inayonunua gundi mara mbili, ifungwe leo hii.

"Mama, tuwe wakweli," Mkurugenzi akasema kwa ile sauti yake ya kupaka watu mafuta. "Hivi si kwamba unaupenda huu kwa sababu ya lile jambo lako la kukaimu?"

Mtu mwingine angekana. Kaimu aliinua kidevu. "Ndiyo," akasema. "Naupenda kwa sababu ya gundi, na naupenda kwa sababu hiyo pia. Mnadhani nitaona aibu? Nimesubiri ubinadamu uniulize mpaka lini, haukuniuliza. Leo kimeuliza kikompyuta. Andika hivyo, katibu."

Nikaandika, tena kwa herufi kubwa. Kwa kura wangemshinda, lakini benki ilituma watu wao kutazama mifumo yote miwili, na wale wa benki hawakujali nyota wala kengele. Wakasema ni huu wa kijivu au hakuna mkopo. Mkurugenzi akasaini akiwa amekunja uso.

Kazi iliyofuata ningependa waione wale wanaosema wanawake wa ofisini wanakaa tu na kupaka rangi kucha. Kaimu alizunguka kampuni zote nne akiunganisha mambo yao. Kila kitu kilichomo kila stoo kilipaswa kiwe na jina moja, kwa wote, basi. Meneja wa malori alimfukuza mara ya kwanza, akisema makao makuu wanataka kumchungulia mfukoni. Akarudi na raba zake. Wa rangi wakamwambia hawana muda, akawaambia atakaa getini mpaka wapate. Sauti ikamkauka, akawa anagombana kwa kuandika kwenye vipande vya karatasi, na niseme kweli, kuandika hakukumpunguzia ukali. Usoni alikonda, lakini alikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Alikuwa anapita kwenye korido anaimba kwa mluzi, mtu mzima na wajukuu!

Mfumo ukawashwa. Hata waliouchukia walikiri kwamba gundi ilianza kuvuka ule ukuta kwa toroli badala ya kununuliwa mjini. Kwenye kiti cha ununuzi wakamweka Kaimu, kwa ile miezi mitatu. Hawakuwa na jinsi, kazi ilibidi ianze na hakuna mwingine aliyeijua. Miezi ikaenda. Wiki ya mwisho kwenye kioo cha kompyuta yake kikatokea kisanduku cha manjano: muda wa kukaimu unakaribia kuisha. Kila asubuhi aliniita nikitazame. "Njoo umwone mwanangu," alikuwa ananiambia. Alikipenda kisanduku kile, jamani. Alikifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani.

Siku ya mwisho ilipofika aliitwa juu kwa Mkurugenzi. Alivaa vile vya kisigino, akajitazama kwenye kioo cha poda, akaniuliza kama mgongoni amekaa sawa. Nikamwambia amekaa sawa. Akapanda.

Alirudi upesi mno. Akakaa, akavua viatu, akavaa ndala. Nilimuuliza wamesemaje.

"Wamepata njia," akasema.

Njia yenyewe aliipata Bwana Makato, na nikisema ningempata siku ile ningemtia kidole cha jicho, sitanii. Mfumo hauruhusu mtu yule yule kuongezewa, si ndiyo? Lakini haukatazi kiti apewe mtu mwingine kwa siku moja, kisha kirudishwe kwa yule wa kwanza kwa miezi mitatu mingine. Na mingine. Na mingine. Siku moja katikati ya kuvunja mfululizo, basi, wakaguzi wameridhika, Mkurugenzi ameridhika, na Kaimu anabaki kaimu mpaka siku ya kuagwa.

"Na huyo wa siku moja ni nani?" nikauliza.

Akanitazama. "Ni wewe."

Mie! Ninayeandika mihtasari na kupanga chai za wageni! Niliinuka nikasema sitakubali upuuzi huo, nitapanda juu niwaambie wote wawili walivyo. Kaimu akanishika mkono. "Kaa," akasema. "Magodoro wana oda ya hospitali kesho. Usipokubali watoto wa watu watalala kwenye vyuma. Kubali." Huyo ndiye mwanamke waliyekuwa wanamchezea. Hata katika hasira yake anafikiria godoro la mgonjwa.

Nikakubali kwa ajili yake, na siku hiyo sitaisahau. Mimi nikawa meneja wa ununuzi wa kampuni mama na watoto wake wote, na Kaimu, aliyeujenga ule mfumo kwa mikono yake, mfumo ukamrudisha kwenye cheo cha barua yake ya ajira: afisa. Kila alichokiomba kilikuja kwangu nikiidhinishe. Nilikuwa naona jina lake linanipigia magoti kwenye kioo. "Bonyeza hapo chini," ananiambia kwa upole kutoka meza ya pili, "usisome sana, ni foronya tu." Mimi nabonyeza huku nalia. Bwana Makato alipita akasema, "Hongera, meneja mpya!" akacheka peke yake. Nilimwambia apite haraka kabla sijamsahau mama yangu aliyenilea.

Jioni kiti kikanitoka, na kwenye kompyuta ya Kaimu kikatokea kisanduku. Ameteuliwa kukaimu, miezi mitatu. Chini yake vitufe viwili: Kubali, Kataa. Mimi niliona tu kwamba kinasubiri. Kaimu alikisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakisoma tena. Oda ya hospitali ilikuwa imeshapita, alihakikisha kwanza kwa kuipigia stoo. Halafu akabonyeza Kataa, akazima kompyuta, akanitakia usiku mwema.

Asubuhi simu ziliwaka. Magodoro wanalia, katoni wanalia, malori hawapati matairi. Kiti kimefungwa. Mkurugenzi alishuka mwenyewe, jambo ambalo halitokei, akamkuta Kaimu amehamia kwenye meza ndogo ya maafisa karibu na dirisha, amevaa ndala, anaingiza ankara moja baada ya nyingine kama afisa yeyote.

"Mama, mfumo umegoma?"

"Haujagoma, bosi. Nimekataa kukaimu."

"Unakataa kazi?"

"Kazi yangu hii hapa, naifanya. Ile nyingine tafuteni mtu. Si mlisema mnatafuta?"

Akanigeukia mimi. Nikamwambia hata akinipa gari, simo. Akataja Bwana Makato, naye alikuwa tayari, kimbelembele chake kile, lakini Bi Waya akasema kwa sauti yake ya chini kwamba mfumo haumkubali mtu mmoja anunue na yeye huyo huyo alipe. Maafisa wengine walikuwa wameinamia kompyuta zao utadhani wanatafuta sindano. Mkurugenzi akatutazama mmoja mmoja. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola. Nje kwenye korido meneja wa malori alikuwa ameshafika, anauliza kwa kelele nani amekufa.

"Haya," Mkurugenzi akasema. "Haya, mama. Umeshinda. Nakuthibitisha."

Nilishika meza. Miaka yote ile, neno lenyewe limetoka, mchana, mbele ya idara nzima! Akakaa kwenye kompyuta yangu. Neno lake la siri halijui, Bi Waya akamwekea jipya. Akafungua ukurasa wa kiti. Jina la mwenzangu, lile lake la kweli, akaliandika kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta. Akachagua Thibitisha. Mfumo ukauliza swali moja tu: tangu lini?

Akaandika tarehe ya siku ile.

Kaimu alikuwa amesimama nyuma yake, na ndala zake. "Hapana," akasema. "Weka siku niliyoanza."

"Mama, tuanzie leo. Ya nyuma yana maneno mengi."

"Mfumo unakubali ya nyuma," Bi Waya akasema. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema, na mpaka leo namheshimu.

"Najua unakubali!" Mkurugenzi akafoka, kisha akajishika, akarudi kwenye ile sauti ya mafuta. "Mama. Unathibitishwa. Ndicho ulichokuwa unakililia. Chukua."

"Nijibu kwanza, bosi," Kaimu akasema. Sauti yake haikupanda, na mimi ninayemjua, hilo ndilo lililonitisha. "Tangu yule meneja aondoke mpaka jana, hii kazi alikuwa anaifanya nani?"

Mkurugenzi akatazama kioo. Ungetegemea aseme wewe, mama. Neno moja, wewe, lingemgharimu nini? Lakini angelisema lingekuwa limesemwa mbele yetu, na yeye si mtu wa kukubali kitu mbele ya mashahidi. Akasema, "Kirasmi, kiti kilikuwa wazi."

Basi hapo hapo akabonyeza kutuma. Kwenye kompyuta ya ile meza ndogo ya dirishani kikatokea kisanduku, safari hii cha kijani: umethibitishwa kuwa Meneja wa Ununuzi wa kampuni mama na kampuni tanzu zote, kuanzia leo. Kubali. Kataa. Kaimu alitembea taratibu mpaka pale, akainama bila kukaa. Sote tulikuwa tunamtazama, hata meneja wa malori pale mlangoni. Nilitaka kumwambia akubali. Nilitaka kumwambia akatae. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Akabonyeza Kataa.

"Sasa," akamwambia Mkurugenzi, "kiko wazi kweli." Akavuta kiti cha afisa, akaketi, akaendelea na ankara zake.